Chocho kwa Chocho Ndani ya Mumbai

"Boss, ek cutting."

Hiyo ndio sentensi ya kwanza nilishika Mumbai, na niliishika yote bila mtu kunitafsiria. Ilikuwa siku ya tatu, saa kumi na mbili asubuhi, mlango wa nyuma wa hosi moja upande wa Parel. Mse wa chai alikuwa na stovu, sufuria imekolea moshi, na tuglasi tudogo tunaingia ndani ya ngumi. Wasee wa kusukuma machela walikuwa wanamaliza shifti ya usiku, wanakam hapo mmoja mmoja, wanaitisha cutting, wanaimaliza na mafunda matatu, wanaishia. Cutting ni chai nusu glasi. Moto, tangawizi ya ukweli, sukari mob. Na boss ni boss, vile tu makanga wa mathree za Umoja angekuita ukimdai chenji.

Nilikuwa nimemsindikiza anti, dadake mathe mwenye anamfuata. Valvu ya moyo wake ilikuwa imechoka. Familia ikapiga harambee, grupu ya WhatsApp ikawaka miezi mbili, doh ikafika. Kutoka Nairobi ni ndege moja, masaa sita hivi, na ukishuka unapata saa yao iko mbele ya yetu na masaa mawili na nusu. Tulikaa wiki tatu.

Lazima nikuambie anti ni nani ndio hii stori ishikane. Amefunza Kiswahili miaka thelathini. Mimi ndio mse wa Sheng kwa familia. Shule nilisomea, ukinaswa ukibonga Sheng ulivalishwa disk, kipande cha mbao kina kamba, unatembea nayo shingoni hadi umnase mwenzako uivue. Anti hajawahi nichapa. Lakini kwa meza yake nilikuwa nikifungua mdomo ananirekebisha pole pole, neno kwa neno, hadi dishi inapoa. Nampenda huyo mathe sana.

Wadi ilikuwa inaingiza wageni asubuhi na jioni. Hapo katikati nilikuwa na masaa saba bila jobo. Siku ya kwanza baada ya operesheni, sauti yake bado nyembamba ka uzi, aliniambia: "Usikae kwenye benchi ukinihesabia pumzi. Toka, utembee. Kila jioni uniletee mtaa mmoja. Picha usiniletee, picha zimo kwenye simu. Niambie watu wanaongeaje."

Nikatoka.

Ukitaka kuishika Mumbai, anza na treni. Hii city zamani ilikuwa visiwa saba. Wareno waliipeana 1661 ndani ya mahari, binti ya mfalme wao akiolewa na mfalme wa Uingereza, na 1668 mfalme akaikodisha kwa kampuni ya East India, pauni 10 kwa mwaka. Wakaanza kujaza bahari mawe na mchanga, kizazi baada ya kizazi, hadi visiwa vikashikana. Ndio maana city imetokea ndefu na nyembamba, maji huku na huku, na watu wakizidi hawana pa kusonga ila kaskazini. Treni ya kwanza ya abiria India ilitoka hapa, 16 Aprili 1853, ikaenda hadi Thane, kilomita 34. Leo kuna laini tatu kubwa, Western, Central na Harbour, na kwa siku zinabeba zaidi ya watu milioni saba.

Tikiti ya chini kabisa ni rupia 5. Haifiki bob kumi. Kwa hiyo pesa unapata masomo ya tabia. Benchi imetengenezewa watu watatu, lakini wa nne akikam wale watatu wanasonga bila kuambiwa, na yeye anakalisha nusu ya mwili, ka sambaza ya matatu. Ukitaka kushuka Dadar, unaanza kusukumana steshoni mbili kabla, na unamuuliza mwenye amekusimamia mbele: "Dadar?" Akitingisha kichwa anashuka, unamfuata mgongo. Akikataa, mnabadilishana pahali, mwili kwa mwili, hakuna mtu anakasirika. Jioni moja nilipata wasee wa ofisi, mashati zimepigwa pasi, wamekaa kwa kona moja ya behewa wakiimba nyimbo za Mungu na matoazi. Walikuwa wametoka kazi, wamechoka, na waliimba hadi nikashuka. Mimi ni mtoto wa nganya, nimelelewa na spika za kupasua kifua, lakini hiyo kona ilinigusa pahali nganya haijawahi fika.

Treni nyingi milango haifungwi. Vijana wananing'inia nje upepo ukiwapiga, na kila mwaka watu wengi wanakufa kwa hizi reli, wakianguka ama wakivuka njia. Kijana mmoja wa machela pale hosi aliniambia aliacha kuning'inia wiki ya kwanza alianza kazi, ju ya venye aliona wakiletwa. Huyo kijana nitamrudia. Jina lake sitaji, hajanipa ruhusa.

Sasa hii lugha. Kihindi ya Delhi ndio wanaiona imenyooka. Ya Mumbai inaitwa Bambaiya: msingi ni Kihindi, alafu unaongeza Kimarathi, Kigujarati, Kikonkani, Kiurdu, Kizungu, unakoroga. Mimi kwa mtaa wanaita apun. Beshte ni bhidu. Kitu moto sana ni jhakaas. Mse hana stress ni bindaas. Haraka haraka ni fatafat. Kitu safi kuliko zote ni ek number, namba moja, vile tu tunasemanga. Karao wa kawaida ni pandu. Hata doh ina majina: laki moja ni peti, na milioni kumi ni khokha, zote zikimaanisha kasha. Sisi tuna finje, soo na thao, wao wana makasha. Mse wa mtaa mwenye anabonga hivi anaitwa tapori, na kuna mamathe na walimu wengi huko wanatumia hilo neno ka vile wetu husema chokoraa. Nilijua hiyo sura wanaweka wakilisema. Nimeiona kwa meza ya anti.

Lakini sinema zimempa tapori heshima yake. Aamir Khan alibonga hivyo ndani ya Rangeela, 1995. Sanjay Dutt akabonga hivyo ndani ya Munna Bhai M.B.B.S., 2003, gaidi wa mtaa anaingia chuo cha udaktari kwa ujanja, na pale wadi manesi bado walikuwa wanaitajia wagonjwa wakitaka wacheke. Anti aliangalia hiyo movie kwa simu ya nesi, akiwa ameshikilia mto kifuani ndio kicheko isimuumize.

Mtaa wa kwanza nilimletea ni Fort, upande wa kusini, kwenye Waingereza walijenga majumba zao za mawe. Steshoni kubwa ya pale, Chhatrapati Shivaji Maharaj Terminus, ilifunguliwa 1887 na iko kwa orodha ya UNESCO tangu 2004. Ni kitu ya kusimama na kutazama juu hadi shingo iume. Lakini mimi nilishikwa na chemchemi ya maji kwa njia panda. Inaitwa Flora Fountain, imekuwa hapo tangu 1864, na mwanzo ilikuwa iitwe jina la gavana wa hiyo taim wa Bombay, vile Mumbai ilikuwa inaitwa, Bartle Frere. Frere! Yule yule wa Freretown, Mombasa. Kabla Freretown iwepo, Waafrika wenye walikombolewa kutoka kwa majahazi ya watumwa walikuwa wanapelekwa huku India, wengi wakalelewa kwa misheni ya Nashik, mbali kidogo na Bombay. Waliitwa Bombay Africans. 1875 baadhi yao wakarudishwa pwani yetu, wakakaa Freretown, na ile kengele yao ndio imetupa stej ya Kengeleni, yenye makanga wa Mombasa wanaita kila siku. Hawa wasee walirudi na Kihindi mdomoni. Nilisimama hapo nikiwawaza watoto wenye walinyang'anywa lugha ya mama zao, wakafunzwa ingine ng'ambo ya bahari, alafu wakavukishwa tena wajifunze Kiswahili.

Kando ya hiyo chemchemi kuna sanamu ya watu wawili wameshika mwenge. Hiyo ni ya mashujaa wa lugha. Miaka ya hamsini watu waliandamana wakidai jimbo la Kimarathi, Bombay ikiwa ndani, na zaidi ya 100 wakapigwa risasi wakafa. Maharashtra ikazaliwa 1 Mei 1960. Nilimweleza anti hiyo jioni. Alinyamaza, akaniomba bahasha ya matokeo ya daktari, akachora mstari katikati. Upande mmoja akaandika "yao", upande wa pili "yetu".

"Anza," akasema.

Colaba nitapita mbio, kila mgeni huanzia hapo. Gateway of India iko pale tangu 1924, mbele ya maji, hoteli ya Taj Mahal Palace ya 1903 nyuma yake, na wauzaji wanakushika mkono. Mimi nilirauka nikaenda Sassoon Dock, gati ya samaki ya 1875, kabla jua litoke. Mamathe wa Kikoli, watu wa bahari wenye walikuwa hapa kabla Mreno yeyote, wamefunga sari kati ya miguu ka suruali, wanapiga bei na sauti ya kuvunja glasi. Hakuna Kihindi hapo, ni Kimarathi yao ya samaki. Sikuelewa neno hata moja na nilielewa kila kitu: huyo anadanganya uzito, huyo amekasirika, huyo ameshauza anataka kwenda home. Nikirudi nilipita Leopold, mkahawa wa 1871, kwenye matundu za risasi za shambulio la magaidi, usiku wa 26 Novemba 2008, zimeachwa kwa ukuta. Watu wanakunywa soda chini yake. Mtu ametoka Nairobi hahitaji kuelezewa hiyo ukuta.

Bhendi Bazaar ndio ilinimaliza. Unashukia steshoni inaitwa Masjid, unatoka, na hewa inabadilika: udi, nyama ya makaa, ngozi, mafuta ya kukaanga. Juu yako flyover ndefu inapita ikiruka mtaa mzima, ka vile Expressway inaruka South B, na chini maisha inaendelea kwenye kivuli. Hapa kuna Mabohra, wanaume na kofia nyeupe za mkanda wa dhahabu, mamathe na rida za rangi ya waridi, ya samawati, ya kijani. Ukishawahi tembea Mji wa Kale Mombasa unajua hiyo luku. Nilihisi nimefika Mombasa bila kupitia Mtito.

Chocho moja ndani inaitwa Chor Bazaar, soko ya wezi. Stori yao ni ile ile ya kwetu, ati ukiibiwa kitu Mumbai utaikuta hapa inauzwa, vile Nairobi wanasemanga ukikosa kioo cha gari kimbia Grogan. Kuna santuri, taa za meli, mabango za movie za zamani, vitasa vya milango ya nyumba zenye hazipo tena. Mzae mmoja alikuwa amekaa ndani ya duka la kufuli, makufuli zimening'inia juu ya kichwa chake ka popo. Aliniuliza natoka wapi. Kusema Kenya, akasimama.

"Mombasa!"

Babake mdogo alikuwa na duka la vyuma Mombasa. Yeye mwenyewe hajawahi kanyaga huko, lakini utotoni alikuwa anasomewa barua. Akaitisha chai, cutting mbili, akanikalisha kwa kiti ya chuma, na tukaanza kutupiana maneno ka wachezaji bao. Mimi: sabuni. Yeye: sabun. Barafu? Barf. Rangi? Rang. Dawa? Dava. Dunia? Duniya. Kitabu, kitab. Hewa, hava. Tayari, taiyar. Kila neno likiingia alikuwa anapiga goti yake. Alafu akanitupia paisa, nikajibu pesa. Lakh, nikajibu laki. Bima, nikajibu bima, na hapo akacheka hadi machozi, ju haikuwa na tofauti yoyote. Mpaka 1920 Kenya ilikuwa inatumia rupia, nikamwambia, na reli yenye ilizaa Nairobi ilijengwa na zaidi ya watu 30,000 kutoka India, 1896 hadi 1901. Hiyo alikuwa anajua kuliko mimi. Alikataa nilipe chai. Nilinunua kufuli, iko kwa mlango wa keja yangu sahi.

Jioni hiyo bahasha ilijaa. Anti alikuwa ameketi wima mara ya kwanza, macho yanawaka, akinieleza neno gani lilitoka Uarabuni, lipi Uajemi, lipi limetoka hapa hapa likavuka na majahazi ya pepo za kaskazi. Nesi alikuja kupima presha akamwambia asiongee sana. Hakuskia.

Kijana wa machela anaishi Dharavi. Siku yake ya ofu aliniambia twende kwao, tukashukia Mahim, tukavuka daraja ya miguu juu ya reli. Naomba ukisoma hapa uweke kando ile movie ya Slumdog Millionaire. Dharavi ni zaidi kidogo ya kilomita mraba 2 na watu wanakadiriwa kufika milioni, na kile kitu inakupiga kwanza ni sauti ya wera. Kila mlango ni kiwanda. Hapa wanasaga plastiki za rangi moja moja, hapa wanashona mikoba ya ngozi, hapa mamathe wanatandaza papad juu ya vikapu vilivyogeuzwa, zikauke na jua. Kwa Kumbharwada, mafundi wa vyungu wenye babu zao walitoka Saurashtra, Gujarat, wanachoma tutaa tudogo twa Diwali, na moshi wa matanuru unakaa kwa nguo hadi kesho. Niliona Kariobangi Light Industries, niliona Gikomba, niliona Kamukunji na nyundo zake. Barabara kubwa inaitwa 90 Feet Road, jina ni upana wake tu, futi 90. Mtu mwenye aliiita hivyo hakuwa na taim ya kupoteza.

Na lugha hapo ndani! Kona hii Kitamil, kona hii Kigujarati, kona ile Kiurdu ya watu wa Uttar Pradesh, na katikati ya zote, watoto wakicheza kriketi kwa chocho upana wa mikono miwili, ni Bambaiya. Hakuna mtoto hapo anabonga lugha moja. Kijana aliniambia babake anamrushia Kitamil, yeye anajibu Bambaiya, na hosi anaandika Kizungu. Nikamwambia kwetu ni mathe na Kikamba, mimi Sheng, shule Kizungu, na anti na Kiswahili sanifu. Tukagongana ngumi.

Chocho wanaiita gully. Tulikalia mfuniko wa tangi la maji kwa gully yao akanipigia ngoma ya DIVINE na Naezy, Mere Gully Mein, ya 2015, maana yake ndani ya gully yangu. DIVINE ni mtoto wa Andheri, Naezy wa Kurla, na kabla yao rap nyingi ya huko ilikuwa inapigwa na Kizungu ya kuigiza ama Kihindi ya kujipamba. Hawa walikam na lugha ya chocho, vile iko. 2019 Zoya Akhtar akatengeneza Gully Boy akiwachukua ka mfano, na mamathe wenye walikuwa wanakataza watoto hiyo lugha wakalipa tikiti kuiskiza kwa sinema. Nikatoa simu yangu nikampigia Kalamashaka, wasee wa Dandora, Tafsiri Hii, ya miaka ya tisini. Hakujua neno moja. Mara ya pili alikuwa anatingisha kichwa pahali penyewe, kwa ile mistari inauma. Akaniuliza jina ni nini. Nikamtafsiria, na akaangalia simu kwa muda.

Nilitaka kuandika Dharavi ikae hapo, na muziki. Haikai. Novemba 2022 kampuni za Adani zilishinda zabuni ya kubomoa na kuijenga upya. Mwenye ana makaratasi za kuonyesha alikuwa hapo kabla ya 2000 ameahidiwa nyumba hapo hapo. Familia ya kijana inakaa orofa ya juu, kwa ngazi ya chuma, na mkataba wao ni wa mdomo, kati ya babake na mse mwenye ashakufa. Mamake alitupakulia wali na sambari, akaketi, akauliza ka na kwetu wanabomoanga. Nikasema ndio. Akauliza watu huenda wapi. Nilikuwa na jibu ndefu kwa kichwa, Mukuru, kando ya mto Nairobi, tingatinga za usiku, lakini mdomoni kilitoka kitu kimoja tu: wanatafutana. Mtaa ukivunjwa nyumba unaweza pata ingine. Ile lugha ya hiyo kona, ya watoto watano wa makabila manne, hiyo haihami na lori. Mimi sioni mkandarasi mwenye atailipa fidia.

Jioni nilimwambia anti gully ni chocho. Aliandika "gully", na upande wa pili akaandika "kichochoro". Chocho akaiacha nje.

Bandra ni ya mababi na wasanii, na nilienda mara moja tu. Hapo ndio tuktuk zinaanzia, ju haziruhusiwi kuingia kusini, vile nduthi zinafukuzwa tao. Kuna vijiji vya Wakatoliki vimebaki katikati ya maghorofa, misalaba ya mawe imefungwa maua kwa kona za njia, kuta za Chapel Road zimechorwa mastaa wa sinema, na nje ya nyumba ya Shah Rukh Khan kuna umati umesimama ukiangalia geti. Wazae wa hapo wanabonga Kizungu yao yenye kila sentensi inaisha na "men". Borivali nayo, mbali kaskazini, ina mbuga ndani ya city, zaidi ya kilomita mraba 100, na chui wanatoka usiku kuwinda mbwa nyuma ya fleti. Anti aliipenda hiyo. Ameishi Rongai, anajua kulala ukiskia simba.

Na mtaa wenye nilikuwa nimelala ndani yake muda wote, Parel, niliuona mwisho. Zile nguzo nilikuwa naziona kwa dirisha la wadi ni mabomba ya moshi ya viwanda vya pamba. Hapa palikuwa Girangaon, kijiji cha viwanda. Januari 1982 karibu wafanyikazi 250,000 waligoma, Datta Samant akiwaongoza, na mgomo haukuwahi tangazwa umeisha. Viwanda ndio viliisha. Leo kimoja ni moli ya mababi, bomba limeachwa limesimama ka pambo. Lakini chawl bado ziko: nyumba za orofa, chumba kimoja kwa familia, veranda moja ndefu, choo cha pamoja mwishoni. Yaani ploti. Mse wa Kimarathi, mse wa Konkan, mse wa Kaskazini, wote walirundikwa hapo kwa veranda moja, wakahitaji lugha ya kuombana chumvi. Kwetu ilikuwa nyumba za reli za Muthurwa na Landi Mawe, na Kaloleni, Ziwani, Shauri Moyo. Hao watu hawakuwa wanaharibu lugha ya mtu. Walikuwa wanataka kuelewana kabla ugali uungue. Hiyo nilimwambia anti hivyo hivyo, na sauti yangu ikapanda bila mimi kutaka, ju ya ile disk, na miaka yote ya ile meza. Aliniskiza hadi mwisho. Hakunirekebisha hata neno moja.

Siku mbili kabla turudi, daktari alimruhusu atoke. Alitaka bahari. Nilimnunulia vada pav kwanza, pale Dadar, kwenye wengi wanasema ndio kilianzia 1966: kiazi kimepondwa na saumu na pilipili, kimevikwa unga wa dengu, kimekaangwa, kimefungwa ndani ya mkate. Alikula nusu, nusu akanipa. Tukapanda teksi nyeusi na njano kwenda Marine Drive, na dere alikuwa anakata kona ka ana deni. Kila shimo anti anashika kifua, pale palishonwa.

Nikafungua mdomo nimwambie dere. Anti akanigusa goti ninyamaze. Akatoa bahasha, akaitazama, akainama mbele.

"Bhaiya," akasema, taratibu, ka anasoma ubao. "Fatafat nahin. Aaram se."

Dere akamwangalia kwa kioo. Mguu ukatoka kwa mafuta.

"Bindaas, mausi," akasema. "Bindaas."

Tulifika jua likizama, ukuta wote umejaa watu wamekaa wakiangalia maji, familia, mapenzi changa, wazae peke yao. Nilimtafutia pahali, watu wawili wakasonga bila kuambiwa. Aliniuliza mausi ni nini. Nilikuwa nimejifunza kwa kijana: ni dadake mathe. Akaandika "mausi", na upande wa pili akaandika "mama mdogo". Alafu akageuza bahasha upande, akachora mstari wa tatu, polepole, mkono bado unatetemeka kidogo, na akaacha kalamu juu ya ile nafasi tupu.

"Na nyinyi," akasema, "mnaitaje?"